Saa Moja Si Dakika 100

Mpe mtoto wako wa Gredi ya 6 swali hili kabla ya mtihani wa KPSEA: basi limetoka Mombasa 8:45 asubuhi, likafika Malindi 11:20. Safari imechukua muda gani?

Usishangae akikuandikia saa 2 na dakika 75. Kutoa anajua, ila ameazima kama anayehesabu shilingi, 1120 toa 845. Ukiazima saa moja unapata dakika 60, si 100. Basi 20 inakuwa 80, toa 45, zabaki 35. Ile 11 imebaki 10, toa 8, ni 2. Jibu ni saa 2 na dakika 35. Na mtihani wenyewe ni wa kuchagua majibu: hiyo 2:75 ikiwemo, ataichagua kwa furaha.

Njia nyepesi ni kuhesabu kwenda mbele. Kutoka 8:45 hadi 9:00 ni dakika 15, hadi 11:00 saa 2, kisha dakika 20. Hii ndiyo humwokoa safari ikivuka adhuhuri, kama 10:50 hadi 1:15.

Kuna jengine letu sisi wa pwani. Nyumbani 8:45 twaiita saa tatu kasorobo, na karatasi ya hesabu ni ya Kiingereza. Akigeuza nyakati zote mbili, jibu ni lile lile. Akigeuza moja tu, amekosea kwa saa 6 nzima. Kwa hivyo akirudi chuoni jioni, muulize ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi, na amekaa muda gani. Ajibu kwa saa zote mbili, ya kwetu na ya karatasi.