Kariakoo: jina la soko lenye kumbukumbu ya wapagazi wa vita

Mfanyabiashara anayefunga mzigo Kariakoo, Dar es Salaam, na mwenzake anayeuza vikapu na viatu vya ngozi Kariokor, Nairobi, wanalitaja jina moja kila siku. Asili yake ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wenyeji walilitamka walivyoweza, likabaki kwenye maeneo yaliyokuwa kambi za wapagazi hao.

Kati ya 1914 na 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana kuanzia mpaka wa Kenya hadi kusini mwa Tanganyika na kuvuka kwenda nchi jirani. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota, hivyo vyakula na risasi vilibebwa na watu. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Kuhara damu, malaria na njaa viliwaua wengi kuliko risasi.

Aliye Taveta, hatua chache kutoka mpaka wa Holili, anaweza kuingia katika makaburi ya kijeshi. Humo wamezikwa askari, wakiwemo wa Afrika Kusini waliokufa katika mapigano ya mlima Salaita, Februari 1916. Mawe yao yana majina.

Dar es Salaam, katika makutano ya barabara za Samora na Azikiwe, iko Sanamu ya Askari iliyozinduliwa 1927. Ile ya Nairobi, barabara ya Kenyatta, inamwonyesha pia mpagazi. Zote mbili zinawasifu Waafrika kwa jumla, bila kuwaorodhesha kwa majina.

Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa ubaguzi huo. Ripoti yake ilikadiria kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri.

Wapagazi hao hawapo tena kupokea nishani. Heshima iliyobaki ni kuwataja. Katika koo nyingi, pande zote za mipaka, bado husimuliwa habari za babu aliyekwenda kubeba mizigo ya vita asirudi. Wazee wanaozijua habari hizo wanapungua kila mwaka, na jina lisiloandikwa sasa litazikwa pamoja nao.