Kombe jingine la Tunis ambalo Gonja hawajaliona

NOVEMBA 2022 Watanzania walishinda Tunis mara mbili ndani ya wiki moja. Ushindi mmoja unaujua, labda bado unauimba. Yanga, baada ya suluhu ya Kwa Mkapa, walikwenda ugenini kwa Club Africain, Stephane Aziz Ki akafunga bao pekee, na safari ile ikaenda kuishia fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger.

Ushindi wa pili ulipatikana siku chache kabla ya huo, na hapo ndipo mashabiki wengi tunapogeuka kuulizana. Filamu ya Vuta N'Kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilitwaa Tanit ya Dhahabu, tuzo ya juu kabisa ya Tamasha la Filamu la Carthage. Tamasha hilo lilianza mwaka 1966, miaka miwili tu baada ya Klabu Bingwa Afrika kuanza. Kwa lugha yetu: Wabongo walibeba ndoo ya Afrika, ugenini, kwenye mji ambao timu zetu zikipangiwa tu tunaanza kushika vichwa.

Sasa twende Gonja. Ukitoka Same mjini kwa barabara ya Kisiwani, Hifadhi ya Mkomazi ikiwa kushoto na milima ya Upare kulia, unafika Gonja Maore. Huku kama kwingine Tanzania, mpira unaangaliwa kwenye kibanda umiza: mabenchi ya mbao, king'amuzi, mapazia meusi ya kuzuia jua, kiingilio jero au buku kutegemea ukubwa wa mechi. Simba na Yanga zikicheza, watu wanachungulia hadi dirishani. Na sisi Wapare mnatujua na hela zetu. Mpare akitoa buku yake kuingia mahali, jua kilichomo ndani kinamstahili.

Siku isiyo na mpira, kibanda hichohicho kinaweka filamu. Lakini zipi? Za kutafsiriwa, zile ambazo Lufufu alizipa umaarufu kwa sauti yake, wanajeshi wa Kimarekani na makomando wa Hong Kong wakiongea Kiswahili cha mtaani. Vuta N'Kuvute mimi sijaikuta humo. Inachekesha kidogo, maana riwaya yake ya Adam Shafi wanafunzi wanaisoma kidato cha tano na sita. Kijana amekariri Denge na Yasmin ili ajibu mtihani, wakati mastaa wa Arsenal anawajua hadi jina la utani bila kufundishwa na mtu.

Hao watengeneza filamu hawakuibuka tu. Wana ligi yao ya nyumbani, Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, au Tamasha la Nchi za Jahazi kama lilivyozoeleka. Liliasisiwa mwaka 1997, la kwanza likafanyika 1998, na makao yake ni Ngome Kongwe, pale Forodhani. Zawadi kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Shivji alipitia humo: filamu yake ya T-Junction ndiyo iliyofungua tamasha mwaka 2017, kabla hajapanda hadi Toronto mwaka 2021 na kisha Tunis.

Nyuma ya ligi hiyo kuna watu ambao hawaonekani kwenye picha. Profesa Martin Mhando, aliyeliongoza tamasha kwa miaka mingi, mwenyewe ni mchezaji aliyegeuka kocha. Aliongoza Maangamizi akishirikiana na Ron Mulvihill, filamu ambayo Tanzania iliipeleka kugombea Oscar mwaka 2001. Lakini kazi ya waandaaji hawa ninayoipenda mimi ni nyingine: walitoa filamu nje ya Ngome Kongwe, wakabeba skrini na kwenda kuonyesha vijijini, Unguja na Pemba. Watu wakakaa chini, wakaangalia. Kwamba watu wa kijijini hawapendi filamu za tamasha, hiyo ni hadithi ya wasiowahi kwenda kijijini.

Na kama unadhani filamu hizo ni za wasomi tu, kuna Zanzibar Soccer Queens ya Florence Ayisi, Mkameruni. Ni filamu ya kweli juu ya Women Fighters, timu ya wanawake wa Zanzibar waliovaa jezi wakati wengine wakisema mpira si wa mwanamke. Mwaka 2016 Ayisi na Catalin Brylla wakatoa ya pili, Zanzibar Soccer Dreams, kuona wachezaji wale wamefikia wapi na kama wasichana mashuleni wameachiwa mpira. Hiyo ni mechi yetu kabisa, jamani. Ukiiweka Maore Jumamosi saa mbili usiku, sioni atakayetoka kabla ya filimbi ya mwisho.

Tatizo la hawa jamaa si kipaji. Filamu inazunguka matamasha ya dunia, inapigiwa makofi, inarudi nyumbani haina kiwanja. Majumba ya sinema yako mijini, machache, na mwenye kibanda hajui ampigie nani simu ili aipate kihalali. Mtayarishaji naye anamwona mwenye kibanda kama mwizi wa kazi yake. Wote wawili wanaishi kwa buku ya shabiki yuleyule, na hawajawahi kukaa meza moja.

Kalenda yenyewe inawaruhusu. Ligi za Ulaya zinaisha Mei, zinarudi Agosti. Kwa miaka mingi ZIFF imekuwa ikifanyika Juni au Julai, miezi ileile ambayo mwenye kibanda anakaa mlangoni akipiga soga na mabenchi yake matupu. Mwaka wa Kombe la Dunia sahau. Lakini miaka mingine, skrini ipo, umeme upo, na watu wa Maore jioni hawana pa kwenda.