Karatasi tatu za Bunge mkononi mwa mpiga kura wa Timau

Katika uchaguzi mkuu, mpiga kura wa Timau hupewa karatasi sita, na tatu kati yake ni za Bunge. Mbili humpeleka mbunge wa Buuri na mwakilishi wa wanawake wa Meru katika Bunge la Kitaifa, penye wabunge 290 wa maeneobunge, wanawake 47 wa kaunti na wateule 12. Ya tatu humchagua seneta.

Seneti, iliyovunjwa mwaka 1966, ilirejea mwaka 2013 ikiwa na maseneta 67, wakiwemo 47 wa kuchaguliwa. Katika masuala ya kaunti, Meru yenye watu zaidi ya milioni 1.5, kwa sensa ya 2019, ina kura moja tu, sawa na Lamu yenye takriban 144,000. Ndipo mvutano wa mwaka 2020 kuhusu mgao wa fedha ulipodumu hadi Septemba.