Ukimwita mtu ‘feeble’, ujue unamlilia!

Wiki hii tuziweke kando habari za mitindo ya nywele na nani kamwacha nani. Kuna neno la Kiingereza ambalo masela wa mjini wanalitupa ovyo ovyo kama maganda ya karanga. Neno lenyewe ni ‘feeble’. Mtu akishindwa kunyanyua ndoo, eti ‘feeble’. Akipigwa chenga kwenye ndondo, ‘feeble’. Demu akimtolea nje, ‘feeble’. Waulize maana yake, wanakujibu kwa mkato: si dhaifu tu!

Sawa, lakini dhaifu wa aina gani? Kiswahili chetu hakina njaa ya maneno. Kuna mnyonge, asiye na nguvu wala wa kumtetea. Kuna legelege, aliyelegea mwili au msimamo. Kuna goigoi, ambaye nguvu anazo ila uvivu umemzidi. Kuna mtoto wa mayai, aliyelelewa kwenye geti kali hadi jua linamwogopesha. Na kuna aliyechoka hoi bin taabani, ambaye kesho akiamka yuko fiti. Hao wote huwezi kuwatia kapu moja.

Waingereza nao wanatofautisha. ‘Weak’ ni dhaifu wa kawaida, iwe mtu, chai au timu. Neno hilo walilichukua kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, na asili yake ni kitu kinachopinda na kusalimu amri. ‘Feeble’ limeingia kutoka Ufaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Wafaransa nao walilirithi kutoka Kilatini, ‘flebilis’, linalotokana na kitenzi cha kulia machozi. Kwa hiyo kwa asili ‘feeble’ ni mtu wa kuliliwa, anayetia huruma. Karne zikapita, machozi yakakauka, yakabaki maana mbili: udhaifu wa mgonjwa au mzee, na kitu hafifu cha kuchekesha, kama kisingizio kisicho na kichwa wala miguu.

Hata ‘dhaifu’ yetu ina safari. Asili yake ni Kiarabu, na kwenye vyuo vya dini utasikia hadithi dhaifu, yaani iliyopokelewa kwa mlolongo wa wasimulizi usioaminika. Hapo hakuna suala la misuli kabisa!

Sasa njoo nami Tabora. Hapa ndipo palipoitwa Kaze na Unyanyembe, njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kwa miezi mitatu au zaidi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Wabeba pembe za ndovu wakati mwingine walipita hapo. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajawahi kwenda pwani na kurudi alionekana bado hajawa mwanaume. Usistaduu hapo haukuwa na nafasi, ndugu yangu.

Mwaka 1857 walikuja Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke. Waliondoka pwani Juni, wakafika Tabora Novemba. Walipoendelea hadi Ujiji, Februari 1858, Burton miguu ilikuwa imegoma na alikuwa akibebwa kwenye machela, na Speke macho yalikuwa hayaoni vizuri. Hata hivyo vitabuni utakuta wao ndio mashujaa, na aliyewabeba anaitwa “mpagazi” bila hata jina.

Tuje kwa Livingstone. Mwaka 1872 alikaa na Stanley pale Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho. Agosti mwaka huo akaondoka kuelekea kusini. Mwisho alidhoofu mpaka hawezi kusimama, akabebwa, na Mei 1, 1873 akafariki kijijini kwa Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba. Walipofika Tabora Oktoba, Mzungu mwingine, Cameron, akawashauri wamzike hapo hapo. Wakagoma! Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo, zaidi ya kilometa 1,600 kutoka alikofia. Huyo mzee alikuwa ‘feeble’ kwa maana ile ya Kilatini: aliliwa, halafu akabebwa.

Ila tusidanganyane. Njia hiyo ilikuwa na watumwa pia, na wapagazi walikufa kwa ndui na njaa. Wengi waliozidiwa waliachwa pembeni ya njia, hakuna aliyewabeba wala kuwalilia. Udhaifu wa mwenye msafara ulipata machela. Wa mbeba mzigo ulipata kivuli cha mti tu.

Neno hili limewahi kuumiza watu kwa sheria kabisa. Mwaka 1913 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwafungia kwenye taasisi watu iliowaita ‘feeble’ wa akili. Marekani, mwaka 1927, Mahakama Kuu iliruhusu binti wa jimbo la Virginia, Carrie Buck, afungwe kizazi kwa madai hayo hayo. Baadaye ilikuja kubainika kwamba shuleni alikuwa anafaulu kama wenzake. Alishabandikwa neno, basi.

Mtaalamu wa Kiingereza chenyewe, Shakespeare, ambaye Mwalimu Nyerere, mwanafunzi wa Tabora School wa zamani, alitutafsiria “Mabepari wa Venisi” mwaka 1969, aliliona hilo mapema. Kwenye tamthilia yake ya Mfalme Henry wa Nne, sehemu ya pili, kuna fundi cherehani wa nguo za kike, jina lake Feeble. Vijana wanakusanywa kwenda vitani. Wawili wenye miili yao wanatoa rushwa, wanabaki nyumbani. Feeble hatoi hata senti, anakwenda.

Mimi hili neno limenigusa nyumbani. Mwaka juzi Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitembea hatua tano anakaa chini. Tukampeleka zahanati moja, jina naliacha. Kijana wa pale akamtazama mara moja, akasema, “Huyu yuko feeble tu, kaka, ni uzee. Mrudisheni akapumzike.” Vidonge vya maumivu, kwaheri. Bibi Kiingereza hakijui, lakini sauti aliielewa. Njiani akaniambia, “Mjukuu wangu, huyo kaniona nimeshakwisha.” Mama akakataa kata kata. Siku ya pili tukaenda kwingine, wakampima damu: malaria, na damu imepungua vibaya. Akatibiwa, na baada ya wiki kadhaa akaanza kutukaripia kama zamani.

Ndiyo maana nasema, washikaji, udhaifu ni dalili, siyo jina la mtu. Mzee akilegea ghafla, usimtafutie neno, mtafutie daktari.

Na kama lugha inakuwasha, litumie kwa vitu vyake. Taa ya betri inayokata roho ni ‘feeble’. Kichekesho kisichochekesha ni ‘feeble’. Mshikaji anayedai hakuja deti kwa sababu paka alilalia viatu vyake, kisingizio hicho ni ‘feeble’ ile mbaya! Mtu mwenyewe mwache. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Haya, tukutane wiki ijayo. Na ukipita Tabora, usisahau asali.