Bahari ya Gesi Iliyogunduliwa Kutoka Ngomeni

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, roketi aina ya Scout ilifyatuliwa kutoka jukwaa la chuma lililosimikwa baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, nao waliliita San Marco. Mzigo ulikuwa wa Wamarekani: setilaiti ya kilo 140 hivi, ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi moja tu, kupima eksirei zinazotoka angani. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, alipendekeza iitwe Uhuru kwa heshima ya wenyeji na siku yao. Mpaka leo wanafalaki wakiandika 4U mbele ya namba ya chanzo fulani cha eksirei, hiyo U ni Uhuru.

Waitaliano hawakufuata fukwe Malindi. Karibu na ikweta Dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huipata kasi hiyo bure. Isitoshe, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe zenye umeme zilizonaswa na sumaku ya Dunia, chembe ambazo zingevuruga vipimo. Na juu ilikuwa lazima kwenda, kwa kuwa hewa yetu huzuia eksirei zote za angani. Ni salama yetu hiyo, ila kwa mwanasayansi ni pazia. Kabla ya hapo wanasayansi walitegemea roketi ndogo zilizopanda na kushuka, zikiwaachia dakika chache tu za kutazama.

Uhuru haikuwa na kamera. Ilibeba vihesabio vya gesi, na mbele yake mirija myembamba iliyoruhusu eksirei za upande mmoja tu kuingia. Setilaiti ilijizungusha polepole, mara moja kila dakika 12 hivi, ikifagia anga. Fikiria mtu anayetazama barabara kupitia ufa wa mlango: bodaboda ikipita, inaonekana na kutoweka papo hapo; lori la mizigo linapita taratibu, na mtazamaji anajua urefu wake bila kuliona zima. Nyota zenye eksirei zilipita kama bodaboda. Ilipofika zamu ya kundi la galaksi la Coma, lililo umbali wa miaka nuru milioni 320 hivi, hesabu zilipanda polepole na kushuka polepole. Chanzo kilikuwa kipana kuliko mwezi mpevu unavyoonekana kwetu. Makundi ya Perseus na Virgo yalionyesha hali hiyohiyo. Eksirei hazikutoka kwenye galaksi moja moja. Zilitoka baina ya galaksi, mahali ambapo darubini za kawaida zilionyesha giza tupu.

Ni nini kilichokuwa kiking'aa? Maelezo mawili yaligombana. La kwanza lilisema ni gesi yenye joto kali mno. La pili lilisema ni elektroni zinazokimbia karibu na kasi ya nuru, zikiyagonga mawimbi dhaifu yaliyobaki tangu mwanzo wa ulimwengu na kuyapandisha mpaka yakawa eksirei. Ugomvi huo ulikuwa na msingi, maana elektroni za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kujulikana huko Coma. Mwaka 1959 watafiti wa Jodrell Bank, Uingereza, walikuta mng'ao mpana wa redio katika kundi hilo. Mwaka 1970 M. A. G. Willson wa Cambridge alipunguza mchango wa kila galaksi yenye redio, na bado ukabaki ukungu wa redio usio na mwenyewe.

Hukumu ilitoka mwaka 1976, na shahidi wake alirushwa kutoka jukwaa lilelile la Ngomeni. Setilaiti ya Waingereza, Ariel 5, iliyoondoka hapo Oktoba 1974, ilikuta katika eksirei za Perseus alama ya chuma: kilele kidogo mahali hasa ambapo atomi za chuma zilizovuliwa karibu elektroni zote hutoa mng'ao wake. Elektroni zinazokimbia haziwezi kuweka saini hiyo. Ni gesi tu inayoweza, tena gesi ya nyuzi makumi ya mamilioni. Na chuma hicho kilipikwa ndani ya nyota, kikatapikwa zilipolipuka. Kwa hiyo gesi hiyo haikuwa masazo safi ya mwanzo wa ulimwengu, bali ilikuwa imechanganyika na jasho la galaksi zenyewe. Kwa maoni yangu, kipimo hiki cha Ariel kinastahili sifa sawa na ugunduzi wa Uhuru, ingawa Tuzo ya Nobel ya 2002 ilimwendea Riccardo Giacconi, baba wa Uhuru. Sina kinyongo na tuzo hiyo.

Gesi hii inachanganya akili. Huko Coma joto lake linakaribia nyuzi milioni 100, lakini ni nyembamba kiasi kwamba lita nzima ina chembe moja hivi. Lita ya hewa unayovuta sasa ina molekuli ambazo idadi yake huandikwa kwa tarakimu 23. Hata hivyo kundi ni kubwa mno, kiasi kwamba chembe hizo haba zikijumlishwa zinazidi nyota zote za galaksi zake mara kadhaa. Hakuna moto unaoipasha. Iliporomoka kutoka mbali ikivutwa na uzito wa kundi, ikagongana, mwendo ukageuka joto. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alikuwa ameona kwamba galaksi za Coma zinakwenda kasi kuliko uzito unaoonekana unavyoweza kuzishika. Gesi ilijaza sehemu ya pengo hilo. Sehemu kubwa bado tunaidai kwa kile kiitwacho mada giza.

Turudi kwenye ukungu wa redio, maana kesi yake ni ngumu zaidi. Elektroni ikizunguka katika uga wa sumaku hutoa mawimbi ya redio na kulipa kwa nishati yake. Elektroni za Coma zinaishiwa nayo ndani ya miaka milioni 100 hivi. Zaidi ya hapo, sumaku huzishika zisiende moja kwa moja, zinatambaa. Ukungu wenyewe una upana wa miaka nuru milioni kadhaa. Zilizotoka katika galaksi moja zingezima kabla ya kufika mbali, kwa hiyo lazima kuna kitu kinachozisukuma upya hapohapo zilipo.

Hapa ndipo eksirei na redio zilipoanza kusaidiana. Watafiti walipoweka picha za aina zote mbili pamoja, walikuta ukungu wa redio karibu kila mara unakaa katika makundi ambayo gesi yake imevurugika, yaani makundi mawili yaliyogongana na bado hayajatulia. Msukosuko wa gesi unazipa elektroni kasi. Penye wimbi la mshtuko pembezoni, elektroni hupata teke kubwa zaidi na kuchora utepe wa redio. Utepe maarufu ulitangazwa mwaka 2010 na Reinout van Weeren na wenzake, nao una urefu wa miaka nuru milioni 6 hivi. Upo katika kundi la galaksi CIZA J2242.8+5301, lakini wenyewe wanauita Soseji. Upo pia Mswaki. Wanafalaki, ukiwaachia kazi ya kutoa majina, hawatoki mbali na nyumbani.

Pale makundi yalipotulia, kazi ya kuitikisa gesi hufanywa na shimo jeusi. Katikati ya Perseus gesi ni nzito, na ingepaswa kupoa na kuumba nyota kwa wingi. Haifanyi hivyo. Darubini ya Chandra, iliyorushwa 1999, ilionyesha sababu: galaksi NGC 1275 inapuliza mapovu mawili makubwa ndani ya gesi. Katika picha ya eksirei mapovu hayo ni matundu yenye giza. Katika picha ya redio matundu hayohayo yamejaa mng'ao. Shimo jeusi la galaksi hiyo linarusha elektroni na sumaku, nazo zinasukuma gesi kando. Kutoka kwenye mapovu yanaenea mawimbi ya sauti, kilele kimoja kila miaka milioni 10 hivi. Mwaka 2003 Andrew Fabian wa Cambridge na wenzake waliipima sauti hiyo wakaipata chini ya do ya katikati ya piano kwa oktava 57. Ikiwa mawimbi hayo yanatosha peke yake kuizuia gesi isipoe, ubishi unaendelea. Setilaiti ya Wajapani Hitomi iliipima gesi hiyo mwaka 2016 ikakuta mtikisiko wa kilomita 164 kwa sekunde tu, utulivu ambao wengi hawakuutarajia. Kisha ikaharibika angani baada ya muda mfupi. XRISM, iliyorushwa Septemba 2023, imechukua kazi yake.

Na lile dai lililoshindwa mwaka 1976 lilipata makao yake. Galaksi za redio kama Fornax A hutawanya pande zake mawingu mawili ya elektroni, na katika miaka ya 1990 eksirei hafifu za mawingu hayo zilionekana kutoka kwa elektroni zinazogonga mawimbi ya kale. Hesabu yake ina faida. Redio peke yake haiwezi kukuambia kama kuna elektroni nyingi na sumaku dhaifu, au kinyume chake; ukiongeza eksirei, viwili hivyo vinatengana na sumaku inapimika.

Mwaka 2019 antena za LOFAR, zilizotandazwa Uholanzi na nchi nyingine za Ulaya, zilikuta daraja la redio kati ya makundi Abell 399 na Abell 401, mahali ambapo gesi ni nyembamba zaidi na mgongano ndio kwanza unaanza. Wengi sasa wanadhani elektroni huko ni kuukuu, zilizoachwa na galaksi za redio zilizokwisha kuzima, na misukosuko midogo inaziamsha tena. Elektroni zinavyozeeka ndivyo mng'ao wake unavyohamia masafa ya chini. Huko ndiko LOFAR inakosikiliza, na huko ndiko zitakakosikiliza antena za SKA zinazojengwa Australia, wakati sahani zake za masafa ya kati zinasimikwa katika jangwa la Karoo, Afrika Kusini, kando ya sahani 64 za MeerKAT.