Kinywe: weusi tunaoumwaga Kamtonga una kazi kwenye ndege

Mchimba vito wa Kamtonga, kule Mwatate, hurudi nyumbani jioni mikono ikiwa myeusi na yenye utelezi. Weusi huo ni kinywe, madini yale yale yaliyo ndani ya penseli. Tsavoraiti, kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo mwaka 1974, hukaa katika miamba yenye kinywe. Mchimbaji huchukua kijani. Cheusi hukimwaga kwenye kifusi.

Hicho cheusi kina kazi yake. Beringi ya baiskeli au ya lori huhitaji grisi ili chuma kisisage chuma. Lakini ziko beringi ambazo grisi yake ni hewa. Mhimili unapozunguka kwa kasi kubwa huvuta hewa chini yake, hewa hiyo hubanwa, kisha huubeba mhimili usiguse kitu. Pengo ni maikromita chache tu, ilhali unene wa unywele ni kama 70. Mashine za kupooza hewa katika ndege za abiria zimetumia beringi hizo tangu miaka ya 1970.

Mhimili ukishainuka, beringi hailiki. Taabu iko wakati wa kuwasha na kuzima: kasi ni ndogo, hewa haina nguvu, na mhimili hukwaruza beringi. Ndiyo maana mafundi huweka hapo kitu kinachoteleza bila mafuta, kama tefloni au kaboni yenye kinywe.

Kinywe huteleza kwa sababu kina tabaka kama kurasa za kitabu. Hata hivyo, huhitaji unyevu kidogo hewani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, brashi za kaboni za jenereta za ndege zilizoruka juu sana zilisagika zikawa unga upesi, kwa kuwa hewa ya huko ni kavu.

Usikimbilie kupaka vumbi la mgodini kwenye beringi yako. Limechanganyika na kwatzi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Utakuwa umeipaka msasa. Kinywe hupata bei kikishasafishwa.

Hapa Voi tuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kinachofundisha uhandisi wa madini. Kupima kifusi cha mgodi mmoja tu kungewaambia wachimbaji kama wanamwaga taka au wanamwaga mali.