Chwele bila shilingi: nani atakumbuka deni?

Soko la Chwele, Kaunti ya Bungoma, ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi magharibi mwa Kenya. Vitunguu, nyanya, ndizi na mahindi hushuka hapa kutoka upande wa Mlima Elgon, pamoja na kuku wa kienyeji waliofungwa miguu. Nimekuwa huku siku kadhaa, mbali na bahari, na swali moja limenikaa kichwani: noti zote zikitoweka usiku huu, na M-Pesa nayo ikazimwa, kesho watu watauziana vipi?

Jibu la haraka ni mali kwa mali. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni: zamani watu walibadilishana vitu, wakaona taabu, wakabuni pesa. Adam Smith wa Uskoti aliyaandika hayo mwaka 1776. Lakini hebu ipige hesabu yenyewe. Mama ana kuku mmoja, anataka gorogoro mbili za mahindi, chumvi na dawa ya mtoto. Mwenye mahindi hataki kuku, anataka jembe. Mwenye chumvi ana kuku wake nyumbani. Na kuku humkati kipande ukabaki naye hai. Mama huyo atazunguka soko mpaka jua lizame.

Ndiyo maana wasomi wengine hawaikubali hadithi ya Smith. Caroline Humphrey, mtafiti wa mila na desturi, aliandika mwaka 1985 kwamba hakuna jamii iliyowahi kuelezwa ikiishi kwa mali kwa mali tupu. David Graeber akaliendeleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu deni. Majirani, wanasema, hawakubadilishana papo kwa papo. Walidaiana. Chukua mtama leo, mbuzi wako akizaa tutazungumza. Kubadilishana hapo hapo kulikuwa zaidi kwa wageni, watu ambao huenda wasionane tena.

Mambo hayo hayajaisha. Vijijini kibarua wa mavuno bado hulipwa mahindi, na mchuuzi wa beseni za plastiki hupita akipokea nguo kuukuu. Kwetu Pwani Wamijikenda wana mweria: leo kikundi kinalima shamba la huyu, kesho la yule. Hakuna noti inayotoka mfukoni, ila kila mmoja anajua ni nani hajalimiwa na ni nani aliyejifanya mgonjwa siku ya kazi. (Huyo hasahauliki.)

Ugumu huanza watu wanapokuwa wengi kuliko kumbukumbu. Mfano tunao Mombasa, mtaa wa Bangladesh kule Mikindani. Mwaka 2013 wafanyabiashara wadogo wa hapo, pamoja na Mmarekani Will Ruddick, walianzisha Bangla-Pesa. Walikuwa wameona jambo rahisi: siku shilingi zinapoadimika, fundi wa nguo hukaa bure na mama wa samaki hubaki na samaki wake, ingawa kila mmoja anamhitaji mwenzake. Wakachapisha vocha za kutumiana wao kwa wao. Fundi akinunua samaki kwa vocha, mama samaki anaipeleka kwa muuza mboga, na siku moja inarudi kwa fundi ikidai suruali. Shilingi chache zilizopo zinabaki kwa kodi ya nyumba na karo.

Kabla ya mwezi kwisha, Ruddick na baadhi ya wanachama walikamatwa wakashtakiwa mambo ya kughushi. Mashtaka yaliondolewa baadaye mwaka huo, na wazo lenyewe likaja kuingia kwenye simu kwa jina Sarafu, likafika Kinango na Mukuru, Nairobi.

Kwangu mimi hapo ndipo penye funzo la soko la Chwele. Pesa zikitoweka, wenyeji wataendelea kuuziana, tena pengine kwa daftari la dukani tu. Atakayekwama ni mwenye lori aliyetoka mbali, na mkulima aliyetegemea kumuuzia vitunguu. Serikali nayo itakwama. Wakoloni walipoleta kodi ya nyumba mwanzoni mwa karne ya 20, mtu mwenye ng'ombe na ghala la nafaka alijikuta anatafuta rupia, kwa sababu rupia ndiyo iliyotakiwa. Wengi walizipata kwa kwenda kufanya kazi ya mtu mwingine.

Wapo wanaotamani dunia isiyo na pesa wakidhani maskini atapumua. Sina hakika. Shilingi mia haiulizi wewe ni mtoto wa nani. Deni huuliza. Mjane aliyehamia juzi, kijana aliyetoka jela, mpangaji ambaye jirani hajui hata jina lake, hao hununua unga leo kwa sababu noti haiwajui. Hata Bangla-Pesa ilitaka mwanachama mpya adhaminiwe na wafanyabiashara wenzake. Asiye na mdhamini alibaki na shilingi zake, kama alikuwa nazo.